Mchele wa Vakansi

Beni, 7 Julai 2024

Kwa Yaya Syauswa, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na nyumba yako, ingawa najua nyumba yako siku hizi ni wewe na kuku watatu. Sisi huku tu wazima. Baba watoto, Ésaïe, bado yuko upande wa Mangina, ananunua kakao. Jumamosi moja anarudi nyumbani, nyingine harudi, inategemea njia imeamkaje. Keren amepata asilimia sabini na nane, Éphraïm sitini na moja na maneno ya mwalimu kwamba anaongea kupita kiasi. Mke wa jirani yetu amejifungua mapacha. Mafuta ya mawese yamepanda bei lakini wateja hawajui, kila mmoja anafika na bei ya mwaka jana mdomoni.

Nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka mapatano yetu. Tangu ile asubuhi simu ilipokuletea habari ya kifo cha mke wako Débora, umesema simu yako ikilia moyo unaruka, kwa hiyo tuiache kwa ajili ya msiba tu. Basi naandika. Barua nampa dereva Nzanzu, yule wa taksi nyeupe.

Neno lililonifanya nikae na kalamu ni hili. Shule imefunga, na mimi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko sokoni nyuma ya mapipa yangu ya mawese. Watoto wako ndani. Zamani, wakati wa vakansi hizi za shule, tulikuwa tunawapeleka shambani, sasa, kwa ajili ya milio ya bunduki, shamba hatukanyagi. Kanisa limefungua mafunzo ya kucheza ngoma na kuchora, lakini wanaomba pesa kwa kila mtoto, na mimi pesa ya Septemba, ya viatu na madaftari, bado sijaiona. Éphraïm amehesabu mabati ya nyumba kutoka ndani, anasema ni arobaini na mawili. Kesho yake alihesabu tena akapata arobaini na moja, akalia. Keren amekata pazia la dirisha akamshonea mwanasesere gauni. Gauni ni zuri, siwezi kukataa, lakini dirisha liko uchi.

Wewe umefundisha miaka thelathini na minane watoto wasio na mpira wala kitu. Niambie basi wacheze nini kisichonunuliwa. Sikuombi neno lingine.

Mwaka jana walikuja kwako wiki tatu zikawa wiki moja kwa sababu ya malaria yako. Natumaini mwaka huu imekuacha.

Mdogo wako,
Marie-Jeanne


Butembo, Mususa, 10 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Marie-Jeanne,

Amani iwe nawe, na Ésaïe, na watoto, na hao mapacha wa jirani. Barua yako nimeipokea na ninakurudishia humu ndani kama desturi yetu. Nimetia wino mwekundu mahali pawili tu. Ulipokuwa na miaka saba nilikuwa nikitia mahali ishirini, kwa hiyo tunaendelea vizuri.

Hapa ni kiangazi, baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Kuku wamebaki wawili. Victoire, jirani yangu wa upande wa chini, anasema ni mwewe. Mimi nasema mwewe hafungui mlango wa kibanda, lakini sitaki ugomvi. Asilimia sitini na moja si aibu, mwambie Éphraïm hivyo. Mwambie pia mabati ni arobaini na mawili. Moja linafunikwa na lingine pale juu ya mlango, nililiona siku ya harusi yenu.

Sasa twende kazini. Kwanza mpira: mifuko ya plastiki iliyochakaa, uivingirishe ikaze, halafu kamba ya mgomba iliyokauka, uisokote kama wavu. Asiusokote Éphraïm, hana subira, amwachie Keren. Pili ni pia za kuzungusha: pale nyuma ya kanisa lenu kuna mikaratusi, vile vifuniko vidogo vya mbegu zake vinazunguka vizuri juu ya sahani iliyopinduliwa. Wanaweza kushindana asubuhi nzima. Tatu duka: mawe ni bidhaa, majani ni pesa, mmoja anauza na mwingine anakataa bei. Hiyo hutawafundisha, wanakuona wewe kila siku.

Nne ni kishada, kile ambacho watoto wanaita servola. Unapasua tete, unapata vijiti viwili, kimoja kirefu kimoja kifupi, unavifunga msalaba. Unaweka karatasi ya mfuko wa simenti, ile ya ndani, ni nyepesi. Mkia uwe mrefu mara nne ya kijiti kirefu, usipokuwa mrefu kinapinduka. Hilo sikuwa na hakika nalo, ikabidi nikijaribu. Nilikipeleka kwenye mteremko ule nyuma ya nyumba. Mara ya tatu kikapanda. Victoire alisimama na ndoo yake akaniangalia muda mrefu.

«Mwalimu, weye uko unacheza?»

«Niko napima tu.»

«Na batoto biko wapi?»

Nikamwambia vijiti vya tete ni vizuri kuliko vya mwanzi.

Malaria imeniacha, asante kwa kuuliza.

Kaka yako,
Syauswa


Beni, 14 Julai 2024

Yaya,

Salamu nyingi. Sisi tuko salama. Ésaïe alirudi jana, amelala siku nzima, leo ameamka ameuliza pazia liko wapi. Mama ya mapacha anaendelea vizuri. Mimi mgongo unaniuma kidogo, ni mapipa.

Mpira ulifanyika. Ulichezwa siku mbili, siku ya tatu ukaingia kwenye sufuria ya jirani yenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nimenunua sombe. Zile pia za mikaratusi zinazunguka, na duka nimelifunga mwenyewe, maana Keren alikuwa ananiiga namna ninavyowajibu wateja na majirani walikuwa wanakuja kusikiliza.

Kishada ndicho kilikuwa na mambo. Kilipanda, Yaya, kilipanda kabisa, hadi askari wa pale kwenye kizuizi akakiona. Akaja hadi uwanjani na bunduki yake.

«Nani atindi bino?» Ni nani amewatuma?

Éphraïm akajificha nyuma ya dada yake. Keren akakutaja wewe, mjomba wake: «Ni Tonton wetu ya Butembo. Iko mwalimu.»

Yule askari akaomba uzi aushike. Akaushika karibu nusu saa. Keren anasema alikuwa anacheka peke yake, na alipoitwa na mkubwa wake alirudisha uzi kwa mikono miwili. Hata hivyo nimewakataza kurudi pale. Kwa hiyo wako ndani tena, na kishada kiko juu ya kabati.

Neno lingine: dereva Nzanzu anasoma barua zetu. Nilifika kwenye kituo cha taksi nikakuta watu wananiuliza kama kuku wa mwalimu amepatikana. Nitatafuta njia nyingine.

Éphraïm anauliza kama Tonton bado ni mgonjwa. Nimemwambia umepona.

Marie-Jeanne


Butembo, 17 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na mgongo wako pia. Usinyanyue mapipa, yasukume.

Barua hii Nzanzu ataisoma, kwa hiyo namsalimu na yeye, na namwambia kwamba neno «mwalimu» halina sababu ya kutamkwa kwa sauti kubwa kituoni.

Nimefurahi kuhusu askari, halafu nikaogopa, halafu nikafurahi tena. Ninawatumia kishada kingine, kidogo, cha kuchezea uani. Keren akitunze. Kuna na pia mbili za kuzungusha nilizochonga kwa mti, na vitunguu majani, na viazi vya huku kwetu kwa ajili yako. Kuchonga kumenichukua jioni nne. Nina nafasi.

Siku hizi baridi imezidi. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyokuwa nafikiri. Débora alikuwa akisema ni ndogo.

Mwaka huu Siku ya Wazazi, ile ya kwanza Agosti ya kuwakumbuka walio hai na waliokufa, inaangukia Alhamisi. Nitakwenda kusafisha kaburi asubuhi. Mchana bado sijui.

Syauswa


Beni, 20 Julai 2024

Kwa Yaya wangu Syauswa,

Salamu za upendo. Zile pia za mti zimefika, viazi tumevila, asante sana, wasingya. Éphraïm analala na pia yake mkononi. Ésaïe amekwenda tena.

Barua hii naitia ndani ya mchele, katikati ya mfuko, ili Nzanzu asiione. Nakujua unavyopenda mchele. Jumapili hii utaufungua, utaikuta. Ni mchele mpya, umetoka kukobolewa juzi.

Yaya, nisikilize. Barua mbili nimekuandikia na kila mara nimezunguka jambo lenyewe. Watoto wanataka kuja kwako. Hawakuanza leo, walianza kuomba siku shule ilipofunga. Mimi ndiye niliyekuwa nawanyamazisha, kwa sababu ya mwaka jana. Waliporudi baada ya wiki moja, Éphraïm alilia njia nzima akidhani amevunja kitu chako. Na Keren aliniambia hukuwa mgonjwa. Sikukuuliza, maana ungeniambia tena ni malaria na ningelazimika kuitikia.

Kama uliwachoka, sema. Wewe ni mzee, umezika mke, watoto wana kelele. Sitakuchukia kwa hilo. Lakini kama si hivyo, naomba uwapokee. Hapa wananikonda machoni kwa kufungiwa, na mimi mchana kutwa sokoni nasikiliza kila mlio nikifikiri ni upande wa nyumba yetu. Natamani usiku mmoja nilale nikijua wako mahali wanapoweza kukimbia.

Fanya hivi: unipatie mstari mmoja tu kwa Nzanzu kabla ya Jumamosi tarehe 27. Andika «walete», hata akiisoma si neno. Nitawapandisha gari siku hiyohiyo, wawe nawe Siku ya Wazazi. Wasikuache peke yako mchana ule. Nisipopata neno nitaelewa, na sitauliza mara ya pili. Unanijua.

Keren ameandika mwenyewe hapa chini.

Mdogo wako,
Marie-Jeanne

Tonton, minakusalimia sana. Tunataka kuya. Éphraïm anasema ata dictée ya kuandika atafanya lakini mi nasema hapana tucheze tu. Ile siku ulisema uko mugonjwa nilikuona asubui unafula manguo. Hatukasirike. Tutaleta servola zote mbili. Keren.


Butembo, 24 Julai 2024

Kwa mdogo wangu,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Nzanzu amenifikishia mfuko wa mchele Jumamosi jioni, kamba haijaguswa, hilo naweza kumshuhudia. Asante sana. Ni mchele mtamu, nimekula Jumapili nikashiba, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Umenifanya nijione tajiri.

Hakukuwa na barua yako safari hii, nadhani kwa sababu ya huyu msomaji wetu wa taksi. Si neno, mchele umesema.

Hapa hakuna jipya. Kuku ni wawili bado. Vumbi limenipa kikohozi kidogo, si kitu.

Wasalimie watoto. Naona wamezoea kucheza huko nyumbani, ni vizuri.

Kaka yako,
Syauswa


Beni, 29 Julai 2024

Yaya,

Salamu. Barua yako ya tarehe 24 niliipata jana Jumapili kwa mkono wa mtu mwingine. Nzanzu gari lake lilikuwa limeharibika tangu Jumatano.

Watoto hawapo. Jumamosi jioni nimewapa dada ya Ésaïe, Abigaïl, anayeuza samaki kule Kyavinyonge. Watakaa kando ya ziwa hadi mwisho wa Agosti.

Nafurahi mchele umekufaa.

Tunza kikohozi.

Marie-Jeanne


Butembo, Mususa, 8 Septemba 2024

Kwa Marie-Jeanne, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu, na sijui kama bado unazitaka salamu zangu. Shule zimefungua, basi natumaini watoto wamerudi salama kutoka ziwani na viatu vimepatikana. Kuku wangu wako wawili. Hizo ndizo habari zote.

Barua yako ya tarehe 20 Julai nimeisoma jana.

Umeandika kwamba unanijua. Ulinijua kabla ya Débora kuondoka. Mtu yule angeufungua mchele Jumapili ileile. Mimi niliupokea, nikaupima mkononi, nikasema mchele mpya wa Beni si wa mtu mmoja na sufuria yake. Ni wa siku ambayo nyumba ina wageni. Mama yetu alikuwa anafanya hivyo, unakumbuka, sisi tunakula bugali wiki nzima na mchele umening'inia juu ya vichwa vyetu ukisubiri mtu. Nikaufunga kwenye boriti ya jikoni. Jumapili nilikula bugali na maharagwe. Halafu nikakaa nikakuandikia kwamba nimekula mchele wako nikashiba, maana niliona haya kukuambia nauweka kwa ajili ya watoto ambao hukuwa umesema watakuja. Ule mstari wa harufu kujaa nyumba niliutunga, na nilijipongeza kwamba ni mstari mzuri.

Niliandika pia kwamba hakukuwa na barua. Nafikiri ulidhani ninakukataa kwa njia ya adabu. Mimi nilisema nilichoamini. Barua ilikuwa juu ya kichwa changu.

Jana niliona unga mweupe sakafuni chini ya mfuko. Fukusi walikuwa wameingia. Nikaushusha, nikaumwaga kwenye ungo uani niuanike. Karatasi ikatoka. Nilimfukuza kuku aliyetaka kuidonoa, nikaisoma nimesimama, halafu nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Victoire akaniona kutoka kwake.

«Mwalimu, kuna mutu amekufa?»

«Hapana. Ni batoto. Balitaka kuya.»

Tangu Julai nilikuwa nimemwambia, yeye na nusu ya mtaa, kwamba watoto wa Beni wanakuja. Siku ile ya kishada nilikuandikia kwamba nilimjibu habari za tete. Sivyo. Nilimjibu: «Biko njiani.»

Sasa habari ya mwaka jana, nikueleze nisibakize. Nilikuwa nimeandika horaire, ratiba ya masomo, ubaoni, sebuleni. Saa mbili dictée, saa tatu hesabu, saa nne kusoma kwa sauti. Nilidhani ndivyo mtu anavyowapenda watoto, miaka thelathini na minane sikujua njia nyingine. Michezo yote hiyo niliyokuandikia niliijua, nilikuwa naitazama dirishani wakati wa mapumziko, lakini sikuwahi kushuka uwanjani. Siku ya sita nikamsikia Éphraïm nyuma ya mlango akimwambia dada yake, «Hapa ni masomo tena, tutarudi lini?» Aliuliza kwa upole, hakuwa hata na hasira. Mimi ndiye niliyevunjika. Nikaona kabla hawajaniomba kuondoka niwaachilie mimi, nikasema nina malaria. Keren alisema kweli. Nilikuwa nafua shuka zao.

Tarehe 1 Agosti nilikwenda kaburini na jembe. Watu walikuwa wengi, kila kaburi na watoto wake wakipiga kelele, wakimwagiana maji. Nilisafisha la Débora nikamaliza mapema, hakuna mtu wa kuongea naye wakati wa kufanya kazi. Mchana nilirudi. Kwa Victoire watoto wake walikuwa wamempikia, wanamlisha kwa mkono kama wanavyofanya siku hiyo, na kumcheka. Aliniletea sahani. Nikasema nimeshakula. Niliingia ndani nikakaa chini ya ule mfuko, na nilikuwa na hasira juu yako, Marie-Jeanne. Nilikuwa nasema moyoni, amewapeleka kwa Abigaïl, ameona ziwa lina furaha kuliko mimi. Nilikaa na hasira hiyo Agosti nzima. Ndiyo maana sikukuandikia.

Umeniuliza kama niliwachoka. Ninaamka saa kumi na moja asubuhi na hakuna mtu wa kumwambia baridi imezidi. Ninamwambia jiko. Sijamchoka mtu yeyote.

Nilitaka kukupigia jana ileile. Nikaishika simu, nikaogopa utakapoona jina langu utafikiri ni msiba, uanguke sokoni mbele ya watu. Kwa hiyo naandika tena.

Sikuombi uwalete. Vakansi zimekwisha na Noeli ni mbali. Nitakuja mimi, Jumamosi tarehe 14, na taksi ya Nzanzu. Mchele nimeupepeta, nikautoa fukusi mmoja mmoja, siku nzima. Umepungua kidogo tu. Nauleta, tuupike kwenu. Ubao nimeushusha ukutani, sasa ni mlango wa kibanda cha kuku.

Barua yako safari hii sikurudishii. Naibakiza. Ile sehemu ya Keren nimeisoma mara nyingi, na kalamu nyekundu iko kwenye droo.

Kaka yako,
Syauswa


Beni, 11 Septemba 2024

Yaya,

Nakusalimu sana. Barua imefika jana, imefunguliwa. Nzanzu ameniletea hadi sokoni mwenyewe, hakunicheka, na amekataa pesa ya kuibeba. Amesema Jumamosi atakuwekea kiti cha mbele.

Na mimi nina langu. Jumamosi ile ya 27 tulikuwa kwenye kituo tangu saa moja asubuhi, watoto wamevaa, mfuko wao umefungwa. Kila gari lililotoka Butembo, Éphraïm alikimbia kumuuliza dereva kama ana neno kutoka kwa mwalimu. Tulikaa hadi saa tisa. Kesho yake nikapata barua yako kwamba mchele ni mtamu. Ningeweza kukupigia dakika ile. Simu ilikuwa mkononi, na mapatano yalikuwa kisingizio tu. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimesema sitauliza mara ya pili. Mama alituzaa vibaya, wote wawili.

Éphraïm ameshawaambia wenzake shuleni. Keren ni tofauti. Kule ziwani walimtunza vizuri lakini amerudi na ukimya ambao siujui. Nilimpa barua yako asome, nikaenda kuosha vyombo ili nisimtazame. Alisoma yote, akairudia. Nikamuuliza, «Tumujibu nini Tonton?» Akaikunja tu. Sitakudanganya kwamba alifurahi.

Baadaye nikasikia kiti kinaburutwa. Alikuwa amepanda, anashusha kishada kutoka juu ya kabati, kile kikubwa, kimejaa vumbi. Alikaa nacho mlangoni akafunga mkia upya, polepole, hadi giza. Alipomaliza akanipitia jikoni.

«Uzi haitoshe,» akasema. «Umuambie alete ingine.»

Marie-Jeanne